Mirungi Juu ya Ubao

Masika ya 2017 ilitukuta Magomeni bila umeme. Jioni ile mvua ilikuwa imegeuza uchochoro wetu tope tupu, hakuna aliyethubutu kutoka, kwa hiyo Mjomba akaleta barazani taa ya kuchaji na ubao wa Scrabble, mchezo wa kupanga kete za herufi ziwe maneno ya Kiingereza. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na jirani yetu ambaye mtaa mzima tulimwita Afande, ingawa magwanda alishayavua zamani.

Mjomba alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu. Afande Kiingereza chake kilikuwa cha ripoti na hati za mashtaka, lakini alikuwa mchezaji mgumu. Ana subira ya mtu aliyezoea kusimama kizuizini usiku kucha.

Mchezo ulipokaribia kuisha nilibaki na Q mkononi. Wanaocheza wanajua adha yake. Kati ya kete mia moja Q ni moja tu, ina pointi 10, na Kiingereza huwa hakiitembezi bila U. U ziko nne, na zote zilishatandazwa. Ukimaliziwa mchezo huku Q unayo, unakatwa 10, na aliyemaliza anaongezewa hizohizo. Afande alikuwa amebakiza kete mbili.

Ila alikuwa ameweka AT pembeni kabisa mwa ubao, jirani na lile jicho jekundu linalozidisha neno mara tatu. Nikaitanguliza Q hapo. QAT.

“Binti,” Afande akasema, “hiyo ni nini?”

“Mirungi, Afande.”

Akanitazama kama niliyeshushwa kwenye basi na furushi. “Mirungi ni dawa za kulevya. Sheria ya 2015, imetajwa.”

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Kamusi ikaletwa, maana kanuni inaruhusu neno kupingwa, na kweli lilikuwemo: kichaka ambacho majani yake hutafunwa. Hapo ualimu ukampanda Mjomba. Neno ni la Kiarabu, akasema, linaanza na qaf, na akaitamka ya kooni, kama alivyofundishwa madrasa. Waingereza sauti hiyo hawana, kila mwandishi akaiandika alivyoisikia, ndiyo maana kamusi zao zina QAT, KHAT na KAT. Akanifanyia hesabu: QAT 12, KHAT 11, KAT 7. Mmea mmoja, bei tatu.

“Na sisi?” nikamuuliza.

Sisi, akasema, qaf tuliipokea kwa K na tukaendelea na maisha: kalamu, kadhi, kahawa, wakati. Hata soko ni suq ileile. Lakini jina la mmea huu hatukulichukua huko. Wakenya wanauita miraa, sisi mirungi.

Nilidhani Afande anasubiri zamu yake tu. Kumbe alikuwa mbali. Akaanza kutusimulia alivyokuwa kazini kaskazini, kwenye kizuizi cha barabara kuu. Bangi, alisema, msafirishaji anaweza kuificha ghalani akatulia, lakini mirungi haingoji. Majani yakichakaa hayana nguvu wala mnunuzi, kwa hiyo anayeyabeba lazima akimbize gari. Gari linalokimbia kupita kiasi alfajiri ndilo walilolisimamisha kwanza. Walikuta vitita vimefungwa kwa majani ya mgomba ili visikauke, vimelowa maji, vizuri kabisa, “kama mboga ya kwenda nayo ukweni.” Alivieleza kwa heshima ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyekuwa akiviteketeza.

Mjomba ndiye aliyemrudisha barazani. “Afande, pointi.”

Afande ndiye aliyeshika daftari siku zote, kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri na hakuna aliyemshuku. Kumi, moja, moja, mara tatu, 36. Aliandika tarakimu, akasita, kisha pembeni yake akaandika neno lenyewe kwa herufi kubwa, na saa. Sijawahi kumwona akiandika saa kwenye daftari la mchezo.

Akamaliza kete zake mbili kwa neno dogo lisilo na faida, akashindwa kwa pointi chache, akafunika kalamu.

“Mwalimu,” akamuuliza Mjomba, “na gongo je, imo humo?”

Mjomba akafunua kurasa za G, akashuka na kidole. “Gongo haimo.”

“Afadhali,” akasema Afande, akaanza kuzirudisha kete mfukoni.