Watoto watukutu wa nchi za watu

Ngoja niseme kitu ambacho najua walimu watanikasirikia: vitabu vyetu vingi vya watoto vinachosha. Ukifungua ukurasa wa kwanza tu ushajua Juma mtoro atavunjika mguu na Asha msikivu atapewa zawadi, na kama bado hujaelewa basi mwisho kuna maswali, "hadithi hii inatufundisha nini?" Binti yangu ana miaka saba na siku hizi ananiwahi kabla sijafika mwisho, "Mama, huyu atapata ajali, si kamjibu mkubwa?" Na kweli ajali inakuja.

Ndo nikaanza kutafuta wanachosoma watoto wa kwingine. Na aisee, huko nje kuna watoto watukutu kwenye vitabu wamejaa tele na hakuna anayewavunja miguu.

Aliyefungua njia hapa nyumbani ni Pippi Långstrump wa Sweden. Nilimpata kwa Kiingereza kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta, nikawa nasoma kwa macho huku nahadithia kwa Kiswahili papo hapo, shughuli ambayo mzazi yeyote mwenye kitabu cha Kizungu na mtoto wa Kiswahili anaijua, mwisho wa siku koo limekauka. Pippi ana miaka tisa, mama yake alishafariki, baba yake kapteni wa meli kapotelea baharini, basi anaishi peke yake na tumbili, na farasi wake anakaa barazani, akitaka kupita anambeba farasi mzima mikononi anamuweka bustanini. Kuna siku wanakuja polisi wawili kumpeleka kituo cha kulelea watoto. Pippi anaona wamekuja kucheza, anapanda juu ya paa, nao wanapanda na ngazi, yeye anaruka chini anaondoa ngazi, wamekwama huko. Wakishashuka anawabeba kwa mikanda yao mpaka nje ya geti, halafu anawapa biskuti.

Binti akauliza, "Mama, kwani hakuna wa kumchapa?" Nikamwambia hakuna. Akakaa kidogo, akasema, "Rudia hapo kwenye polisi." Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mchele, akadakia, "Mtoto hana mzazi huyo, mlitegemea nini?" ila hakuondoka pale mpaka sura ikaisha, na mchele ulikuwa umeshakwisha zamani.

Baadaye nikasoma kilipotoka. 1941 binti wa mwandishi wake, Astrid Lindgren, anaitwa Karin, alikuwa mgonjwa kitandani, akamwambia mama yake nihadithie kuhusu Pippi Långstrump, jina kalibuni yeye mwenyewe palepale. 1944 Astrid akateleza kwenye barafu akaumia kifundo cha mguu, ikamlazimu kulala, ndo akaandika. Mchapishaji mkubwa wa kwanza akakataa, kitabu kikatoka kwa mwingine 1945. Ninachokipenda zaidi ni kisa cha Ufaransa, ambako kwenye tafsiri ya mwanzo walimgeuza yule farasi kuwa farasi mdogo wa aina ya poni, eti watoto wa Kifaransa hawataamini msichana anabeba farasi mkubwa. Lindgren akawajibu sawa, basi nitumieni picha ya mtoto wa Kifaransa akiwa amebeba poni.

Wazungu nao wana watu wazima kama sisi, sijui kwa nini nilidhani ni tofauti.

Kuna mama mwingine ambaye nadhani anastahili kujulikana huku kwetu kuliko anavyojulikana, Jella Lepman. Mwandishi wa habari, Myahudi wa Stuttgart, aliyekimbia Wanazi akaenda London, na vita ilipoisha 1945 akarudi Ujerumani kulikobomoka kila kona kushauri jeshi la Marekani kuhusu wanawake na watoto. Watoto wana njaa, hawana viatu, yeye anaandikia nchi 20 anaomba vitabu. Ubelgiji wakakataa, Wajerumani walishawavamia mara mbili, vitabu vya nini tena. Akawaandikia upya kwamba hao ndo hasa wanaohitaji vitabu vyenu, na wakatuma. Maonyesho ya vitabu hivyo yakafunguliwa Munich 1946. Kuna kitabu cha Kimarekani cha Ferdinand, fahali anayeambiwa apigane na yeye anataka kukaa chini ya mti ananusa maua basi, hicho alikitafsiri mwenyewe kwa Kijerumani, kikachapwa kwenye karatasi za gazeti nakala 30,000 watoto wakagaiwa. Hakuna swali la mwisho hapo. Fahali ananusa maua, kwisha.

Kwa Kiswahili sasa. Vipo, ni kuvitafuta tu. Alice wa Lewis Carroll, yule msichana wa nchi ya ajabu, aliingia 1940 akiitwa Elisi, na michoro ikachorwa upya, Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. 2015 akatafsiriwa tena na Ida Hadjivayanis, safari hii ni Alisi. Wachapishaji Mkuki na Nyota wana Mwana Mdogo wa Mfalme, kile cha Mfaransa Saint-Exupéry, humo wanaosutwa ni watu wazima, kuna jamaa kazi yake kuhesabu nyota akidai ni mali yake. Binti yangu alimwelewa haraka sana, akasema huyo ni kama mjomba. Simtaji mjomba gani.

Halafu msisahau Abunuwasi. Sote tumekua naye, yule aliyeazima sufuria akairudisha na kisufuria kidogo akasema imezaa, mara nyingine akasema imekufa, tukadhani ni wa kwetu kabisa. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, enzi za Harun al-Rashid! Mgeni huyo, tena mtukutu namba moja, na hajawahi kuvunjika mguu.

Wasio na hela ya vitabu, na bei za vitabu mnazijua, kuna StoryWeaver ya Pratham Books wa India, ipo tangu 2015, na African Storybook ya Afrika Kusini. Zote ni bure, unapakua kwenye simu ukiwa na bando kisha mnasoma hata bila intaneti, na yeyote anaruhusiwa kutafsiri. Hapo ndo penye raha na tabu, maana nyingine Kiswahili chake kimelala vizuri na nyingine unajiuliza huyu mtafsiri alikuwa anakimbizwa na nani. Soma wewe kwanza kabla hujampa mtoto.

Wiki hii tuko kwenye Kuku na Tai, kutoka huko African Storybook. Kuku kaazimwa sindano na tai ashonee manyoya apate kuruka, watoto wakaichezea wakaipoteza, na ndo mpaka leo anapekua mchanga. Mama mkwe hakubali. Anasema yeye alivyohadithiwa kwao ilikuwa mwewe na wembe, hiyo sindano imetoka wapi. Mjukuu anamuonyesha picha kwenye simu, bibi hii hapa sindano, bibi anasema aliyechora hakuwepo.