West Point, chuo cha jeshi nilichokipitia safarini

Wadau mambo vipi, juzi tukiwa njiani kutoka New York kuelekea kaskazini shemeji akasema hebu tupite West Point tuone wanapopikwa maofisa wa jeshi la Marekani, mi nikajua tutaishia getini tu kumbe watu wanaingia bana, unaonyesha kitambulisho, sie wageni ni paspoti, mnakaguliwa halafu mnapanda basi na mtu wa kuwatembeza wageni.

Chuo kipo tangu 1802, juu ya mwamba kabisa, chini unaona mto Hudson unakata kona. Aisee hiyo kona ndo siri yenyewe, maana meli za matanga ilibidi zipunguze spidi hapo, ndo mwaka 1778, chuo hakijawepo bado, hapa ilikuwa ngome tu, Wamarekani kwenye vita yao ya uhuru wakavusha mnyororo wa chuma toka ng'ambo hii mpaka ile kuwazuia Waingereza. Vipande vyake bado vipo hapo chuoni, sehemu inaitwa Trophy Point, pete moja tu inazidi kilo 40!

Kilichonimaliza ni kanisa la zamani, ukutani kuna vibao vya majenerali wa vita ya uhuru, kimoja kina cheo na mwaka wa kuzaliwa 1740 ila jina HAMNA. Ni Benedict Arnold, jenerali wao wenyewe aliyetaka kuwauzia Waingereza hiyo ngome 1780. Hawa jamaa wana kinyongo aisee, miaka yote hiyo!

Grant na Lee, majenerali wa pande mbili waliokuja kupigana wenyewe kwa wenyewe kwenye vita ya ndani ya Marekani, wote wamesoma hapa.

Mkipita huko msiruke makumbusho, kuingia bure.