Kabla hujaniuliza pedali gani, niambie umechomeka wapi

Wiki haiishi bila mtu kunitumia voisi ya WhatsApp, "kaka shikamoo, gitaa langu halina sauti, nichukue pedali gani?" Afu anaambatanisha kavideo, simu imeegemezwa kwenye kiti cha plastiki, anapiga sebene kidogo na nyuma yake kuna mvumo kama friji la duka. Najibu, sikatai, ila leo naandika yote sehemu moja, mwingine akiuliza namtumia linki nikalale zangu.

Mimi kabla ya pedali, yaani vile viboksi vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa, nauliza umechomeka wapi. Maana wengi mkiwa kanisani au kwenye shughuli mnachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, afu mnalalamika sauti butu haina uhai. Pikapu za gitaa la kawaida (vile vidaka sauti vyenye sumaku chini ya nyuzi), zile zisizotumia betri, zinatoa umeme kidogo sana na dhaifu, na zinataka tundu lenye upinzani mkubwa wa kama megaohm 1, ndo amp za gitaa na pedali zilivyotengenezwa. Tundu la laini la miksa mara nyingi ni kiloohm 10 au 20 hivi. Ukichomeka hapo trebo, yaani sauti za juu, inamezwa kabla hata haijafika kwenye ekweliza, kwa hiyo ukipandisha trebo kwenye miksa unapandisha shhhhh tu, kile kilichopotea hakirudi. Tafuta kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na miksa kuzipatanisha, na kwa gitaa la pikapu za kawaida chukua kile kinachotumia umeme, au angalia kama miksa yenu ina kitufe kimeandikwa Hi-Z, zipo nyingi zinacho kwenye chaneli ya kwanza na watu hawajawahi kukibonyeza tangu inunuliwe. Hata pedali ya kutyuni ya Boss ukiiweka katikati sauti inafunguka ghafla, si uchawi, ndani yake kuna bafa, kisakiti cha kuipa nguvu sauti ya gitaa, inayofanya hiyo kazi hata pedali ikiwa imezimwa.

Na hapohapo kuna ndugu yake swali hili, "mbona disto yangu nikiwa studio kwa mtu ilikuwa tamu afu kanisani inawasha masikio?" Disto ni ile pedali ya sauti ya kukwaruza. Studio ulipitia amp. Spika ya gitaa ya inchi 12 inaanza kukata sauti za juu kwenye kilohazi 5 hivi, ile disto kali inachujwa na spika yenyewe, wakati spika za ukumbini zina twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zinazopeleka kila kitu mpaka juu kabisa. Disto ikipita miksa bila kitu cha kuiga spika ya gitaa, waumini wanateseka bure. Multi-efekti karibu zote za siku hizi zina hiyo kitu, mara nyingi imeandikwa CAB, iwashe ukiwa kwenye miksa na uizime ukiwa kwenye amp. Basi.

Sasa mvumo. Hili ndo swali linaloongoza na ndo watu wanalitupia hela ovyo, mtu anataka kununua noizi geti, pedali ya kuziba kelele, wakati tatizo lake ni nati ya shilingi mia. Fanya hivi, shusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Mvumo ukiisha, unatokea kwenye gitaa, ni pikapu au waya za ndani. Ukiendelea, chomoa kebo kwenye gitaa, afu ichomoe na kwenye amp kabisa, ukibaki amp peke yake bado inavuma basi shida iko kwenye amp au kwenye umeme wa jengo. Ni dakika moja hiyo na imekuokolea safari ya Kariakoo.

Kama ukishika nyuzi mvumo unapungua, tulia, gitaa lako halina ugonjwa. Daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, limeungwa na waya hasi kwa ndani, mwili wako unadaka takataka za umeme zilizopo hewani kama antena, ukigusa nyuzi unaungana na ule waya zinatulia. Kwa pikapu za koili moja, kama za Stratocaster, kelele kidogo utaishi nayo tu, ndo maana Seth Lover pale Gibson mwaka 1955 akatengeneza hambaka, koili mbili zinazofuta mvumo wa mwenzie. Ila kama ukigusa nyuzi mvumo UNAONGEZEKA, hapo mtu ameunga waya kinyume, lipeleke kwa fundi.

Juzi kijana wa kwaya kaniletea gitaa, linakatakata sauti, amepewa ushauri abadilishe pikapu zote. Nikashika kebo nikaizungusha, na tundu la jeki lote likazunguka nayo. Hapo ushajua. Ile nati ya nje ikilegea, kila ukichomeka kebo tundu linageuka kidogo, waya mbili za ndani zinajisokota, na siku moja ule wa hasi unakatika pale kwenye risasi, unabaki umeshikiliwa na nywele mbili tatu za shaba, ukisimama wima gitaa linalia ukikaa linanyamaza. Nikafungua kile kibati cha tundu, nikakata ile ncha iliyochakaa, nikamenya waya upya, pasi ya risasi ikapata moto vizuri, nikapasha kile kikono cha chuma KWANZA ndo nikaleta risasi ikayeyukia juu yake yenyewe ikang'aa. Mafundi wengi wa redio wanadondosha risasi juu ya chuma cha baridi, inaganda kama gololi, ukiitazama imeshika kumbe haijashika. Nikakaza nati huku nimeshikilia tundu kwa ndani lisizunguke. Pikapu zake ziko palepale, nzima.

Halafu kuna jambo la ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, na hapa sitanii. Kuna watu wakikuta mvumo wanakata kale kapini ka juu ka plagi au wanatumia ekstensheni isiyo na ethi na kweli mvumo unaisha. Sasa amp ikipata hitilafu ndani, umeme wa volti 230 unakuja kwenye chesisi, kutoka chesisi unakuja kwenye kebo, kwenye daraja, kwenye nyuzi, na wewe umezishika, mdomo uko kwenye maiki iliyoungwa na ethi ya kwingine. Ule mchomo wa kwenye mdomo mnaouchekea kwenye mazoezi ndo huo ukiwa bado mdogo. Kwenye harusi za jenereta ndo balaa zaidi maana mara nyingi jenereta limekaa tu chini halijazikwa ethi popote. Mimi kabla sijaimba naigusisha maiki na nyuzi za gitaa, nikiona cheche siimbi mpaka fundi umeme aje, MC akasirike tu. Na mvumo wa kuzunguka kwa ethi, ule unaokuja vifaa vikiungwa ethi zaidi ya sehemu moja, dawa yake ni kuchomeka amp, pedali na miksa kwenye soketi za sehemu moja, au kile kitufe cha GROUND LIFT kwenye DI. Hicho kinakata ethi ya waya wa sauti tu, haigusi ya umeme, kwa hiyo kibonyeze bila wasiwasi.

Amp za mtumba kutoka Japani nazo naulizwa sana, hasa Roland JC-120, ambayo wameanza kuitengeneza mwaka 1975 na mpaka leo ukitaka gitaa safi lenye korasi ya kuelea ndo hiyo hiyo. Nunua, lakini geuza nyuma usome kibati cha maelezo ya umeme. Ya soko la Japani imeandikwa 100V na ukiichomeka ukutani kwetu hapa Bongo, ukiwa na bahati fyuzi inakufa, ukikosa bahati inakufa na transfoma. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kwenye ukubwa usibane, kama kibati kinasema inakula wati 180 chukua ya wati 300 kwenda juu, na iwe ya kutoa 100 kweli sio 110 ya vifaa vya Marekani. Kuhusu hazi, zile Hz za umeme, usijali, Japani yenyewe mashariki ni 50 na magharibi ni 60 kwa hiyo vifaa vyao vingi vimezoea zote.

Pedali sasa, maana najua ndo mlichokuja kusoma. Kabla ya jina la pedali angalia adapta. Pedali nyingi ni volti 9 na KATIKATI HASI, kuna kamchoro ka duara pembeni ya tundu, kanaonyesha alama ya kutoa inaelekea katikati. Adapta ya kinanda cha Yamaha mara nyingi ni volti 12 na katikati chanya, na plagi inaingia vizuri tu, ndo maana kila kanisa lina pedali moja iliyofia kabatini. Volti lazima zilingane, miliampea za adapta zinaweza kuzidi ila zisipungue. Disto ya kawaida ya analogi inakula chini ya miliampea 20, dilei ya kidijitali inaweza kufika 100, multi-efekti mia tatu na zaidi, ukizifunga zote kwenye adapta moja ya bei chee utasikia kamluzi kembamba kanakofuata kila noti. Pedali za kidijitali zipe adapta yake.

Mpangilio kuanzia kwenye gitaa ni tyuna, wawa, disto, korasi, dilei, rivebu. Ukitaka kuvunja utaratibu vunja, hakuna polisi.

Ila kwa anayepiga dansi au sebene ukweli ni kwamba disto utaiwasha mara moja kwa mwezi. Bendi za kina Msondo na Sikinde zinakuwa na gitaa tatu zinasukana, solo, solo la pili na ridhimu, na zote ni safi. Kinachoharibu si kukosa pedali, ni kwamba wote watatu mmepandisha besi kwenye amp zenu kwa sababu ukiwa peke yako chumbani inasikika tamu. Mkikutana mnamkaba mpiga besi na hamsikilizani. Ridhimu shusha besi mpaka peke yako uone sauti ni nyembamba mno, afu waambie waanze wote, utashangaa. Solo aweke dilei fupi tu, zamu moja au mbili za mwangwi. Hiyo ni bure kabisa na hakuna anayetaka kuifanya, wanataka nitaje pedali.

Nyuzi. Kama uko Dar, Tanga, Unguja, chumvi ya hewani na jasho vinazila haraka, futa kila ukimaliza kupiga, na kwa chini pia sio juu tu. Zilizopakwa koti zinadumu zaidi ila bei imesimama, piga hesabu yako. Ukihama kutoka nyuzi za unene wa 9 kwenda za 10 shingo itavutwa mbele, usishangae freti zikibadilika, itarekebishwa kwa ile fimbo ya ndani, robo mzunguko, subiri, angalia.

La mwisho ni la dogo mmoja wa Mbagala, anauliza Wakongo wanatoaje ile sauti ya ridhimu inayometameta kama vile gitaa ni mbili. Pedali hakuna hapo. Inaitwa mi-composé, unatoa uzi wa nne, ule wa D, unaweka uzi mwembamba kama wa kwanza na kuutyuni D ya oktavu moja juu. Vidole vinabaki vilevile unavyojua ila noti ya katikati inarukia juu. Uzi utacheza kwenye kijimfereji cha pale shingoni kwa sababu kilichongwa kwa uzi mnene, weka kakaratasi kadogo chini yake usilichonge gitaa. Na usifungue pakiti nzima kwa ajili ya uzi mmoja, uliza dukani, nyuzi za kwanza wanauza mojamoja.