Laki thelathini

Jumapili, Mwanza.

Leo fundi seremala amekuja kupima milango ya nyumba ya Mama. Kapiga hesabu kwenye kipande cha boksi, kanitazama usoni kwanza, ndipo akatamka: "Laki nane, kaka. Hiyo ni mninga tupu." Nikacheka. Nadhani aliona ametaja bei ya chini, maana uso ulimshuka pale pale. Ikabidi nimwambie kwamba sicheki bei, nacheka neno.

Neno lenyewe ni laki. Niliondoka nalo hapa Septemba 2023 nikiamini ni letu, kama ugali. Nimerudi nalo likiwa zito kidogo.

Nilikwenda kusoma masta Leicester, katikati ya Uingereza. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mekundu, imebanana na nyingine mtaa mzima, vyumba vinne, choo kimoja, jiko moja. Wenzangu wote walitoka India. Mmoja alitoka Anand, jimbo la Gujarat. Mwingine Guntur, Andhra Pradesh. Wa tatu alikuja Januari kutoka Ludhiana, Punjab. Mimi Msukuma nilikuwa wa nne. Nilikuwa na hakika kwamba watatu hawa watakuwa wanateta Kihindi nami nitabaki nawatolea macho. Kumbe wa Guntur, ambaye lugha yake ni Kitelugu, alikuwa na Kihindi cha kuokoteza tu, na yule wa Anand alikulia kwenye Kigujarati. Wakaongea Kiingereza, tena cha kutafuta maneno, sawasawa na changu.

Niseme ukweli hata kama haunipendezi. Mtoto wa Mwanza anakua akijua Mhindi ni mtu wa nyuma ya kaunta. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana kalkuleta kubwa, ana mwana anayesoma nje. Babu yangu wa Magu alikuwa na simulizi moja asiyoichoka, ya mizani ya Mhindi mnunuzi wa pamba, jinsi gunia lililomvunja mgongo njiani lilivyokuwa jepesi ghafla likifika dukani. Hiyo ilikuwa kabla ya kina Paul Bomani kuwaunganisha wakulima kwenye ushirika miaka ya 1950. Mizani ya babu nilisafiri nayo hadi Leicester, bila kujua kama nimeibeba.

Sasa huyu wa Guntur baba yake ni mkulima. Analima pilipili na pamba. Pamba! Siku aliponionyesha picha ya baba yake amesimama shambani, miguu peku, shati limefunguliwa vifungo viwili, niliitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Angevaa kofia ya pama angekuwa baba mdogo kabisa.

Ilikuwa usiku wa Oktoba, jikoni. Alikuwa anakaanga mbegu za haradali, zinaruka kama bisi, na king'ora cha moshi kimeshaanza kutupigia kelele. (Dagaa zangu za ziwani zilikipigisha mara mbili zaidi, na yule wa Anand, ambaye hali nyama wala samaki, alihamishia sufuria zake chumbani. Hatukugombana. Alizihamisha tu.) Nikamuuliza wa Guntur mkopo wake ni kiasi gani. Akasema kwa Kiingereza, lakini namba ikaja na neno la kwao: laki thelathini.

Nikamwambia nalijua neno hilo, hata sisi tunasema laki. Akafurahi sana. Na mimi nikafanya hesabu ya nyumbani: laki thelathini, milioni tatu, bei ya pikipiki ya bodaboda. Nikamwambia, ah, basi si mbaya, utamaliza.

Akanyamaza. Akazima jiko. Ndipo nikakumbuka kwamba laki yake ni ya rupia. Rupia moja wakati ule ilikuwa kama shilingi thelathini zetu, na mbele ya macho yangu pikipiki ikageuka milioni tisini. Riba asilimia 11. Dhamana, shamba la pilipili.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu akope zote hizo. Ada peke yake ilikula zaidi ya nusu. Halafu wanaotoa viza ya Uingereza hawakuamini kwa maneno. Miaka ile mwanafunzi wa nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,023 kwa kila mwezi wa masomo, hadi miezi tisa, yaani pauni 9,207, na fedha hizo zikae kwenye akaunti siku 28 bila kuguswa. Mkulima wa Guntur ana fedha za kukaa siku 28 bila kuguswa? Wakala aliyemtafutia chuo hakumtoza kitu, na hilo ndilo lililowapendeza wazazi. Hawakuambiwa kwamba mawakala hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila kichwa wanachopeleka. Huku mnadani dalali wa ng'ombe angalau unamwona anapokea.

Mimi nilikuwa na ufadhili wa ada. Sikuwa nimeweka shamba la mtu rehani. Hilo lilinipa usingizi ambao yeye hakuwa nao, na nilijifunza kutolitaja.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya dukani. Barabara ya Belgrave ina maduka ya Kihindi mwanzo hadi mwisho, dhahabu, sari, mboga, na Diwali ikifika taa zake zinaning'inia juu ya magari. Tulikwenda kununua unga na bamia. Nilikuwa naongea na Mama kwenye simu. Nilipokata, nikasikia nyuma ya kaunta: "Wewe natoka wapi? Kenya?"

Alikuwa mama mtu mzima, sweta juu ya sari. Nikamwambia hapana mama, Tanzania, Mwanza.

"Mwanza! Mimi Jinja. Ziwa moja!"

Akaniambia walifukuzwa na Amin mwaka 1972, yeye akiwa na miaka 19. Siku tisini, sanduku moja moja. Halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ilikuwa imeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba Waasia wasije, mji umejaa. "Sisi kuja tu," akasema, akacheka mpaka akashika kaunta. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka 51 bila kutolewa nje, kina vumbi, lakini kinakwenda. Akaniuliza kama sato bado wapo. Akanitilia limau mbili za bure.

Kisha akamgeukia mwenzangu kwa Kigujarati. Hakuelewa. Akajaribu Kihindi, akajibiwa maneno mawili yaliyovunjika. Mwisho akamwambia kwa Kiingereza: pauni nne na senti sitini.

Tulitembea kimya hadi kwenye taa za barabarani. Pale akasema, kwenye duka la Wahindi wewe ndiye uliyefika nyumbani. Alisema kwa utani, lakini aliniachia mfuko wa unga niubebe peke yangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Yule wa Anand hakuwahi kuupata upweke huu. Alikuwa na binamu wa mama yake mitaa miwili mbele, sikukuu ya Navratri alicheza garba, ngoma ya kwao, hadi saa saba usiku, na kazi ya kupanga bidhaa alipewa na mtu anayemjua babu yake. Nyumba moja, viza ya aina moja, pasi ya rangi moja.

Wa Guntur alipata kazi ya usiku ghalani, nje ya mji. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na yeye alizihesabu kwa woga, kwa sababu ya viza. Saa moja ilimpa pauni 10.42, zaidi ya rupia elfu moja. Mwanzoni kila kitu alikibadilisha kuwa rupia. Kikombe cha kahawa chuoni kilikuwa zaidi ya nusu ya kibarua cha siku cha mchuma pilipili, basi hakukinywa.

Alirudi saa kumi na mbili asubuhi. Kwao ilikuwa saa tano na nusu, jua limeshapanda. Hiyo nusu saa yao ilinishangaza siku zote, nchi nzima imeamua kutofautiana na dunia kwa nusu. Alikuwa akinawa, anavaa shati la kola juu ya suruali ile ile ya ghalani, anakaa mahali ambapo nyuma yake panaonekana pazia na vitabu tu, ndipo anampigia mama yake. Mama alimuuliza kama amekula. Baba alimuuliza kazi ya ofisini inaendeleaje.

Sikumcheka. Mama yangu naye alijua nafanya kazi maktaba, na maktaba kweli nilikuwepo, kila siku saa kumi na moja alfajiri, na deki.

Huyu wa Ludhiana alikuwa ameoa miezi mitatu kabla ya kuja. Sheria ilibadilika kwa walioanza masta ya darasani kuanzia Januari 2024, hawakuruhusiwa tena kuja na mke wala mume. Waliomtangulia kwa miezi minne walikuja na wake zao. Alikuwa akipika huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mke anamwelekeza lini atie nyanya. Roti zake za kwanza, chapati za kwao, tulizitumia kuzuia mlango.

Aprili wakapandisha kiwango cha mshahara kwa anayetaka viza ya kazi, kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, wahitimu wapya wakipunguziwa kidogo. Wa Guntur aliisoma habari hiyo kwenye simu, chai mkononi. Akaisoma tena. Chai niliimwaga mimi, jioni.

Nilipoondoka alibaki na ile viza ya miaka miwili ya waliohitimu. Alinipa chupa ya avakaya, achari ya embe ya mama yake. Forodha hawakuigusa. Mama yangu alionja kijiko kimoja, akaketi, akaomba maji, kisha akaomba tena achari.

Ghalani walimhamishia kwenye kompyuta, bado usiku. Kila mwisho wa mwezi ananitumia ujumbe usio na salamu, laki za deni zilizobaki tu. Jana umefika: 22. Nikatoa kalkuleta, nikazidisha kwa thelathini.

Fundi nimemlipa laki nane yake, sikuomba punguzo.