Siku Baba alipogusa behewa la wafalme

Mwanangu aliniuliza juzi: "Mama, mbona tunasema gari moshi na moshi wenyewe hautoki?" Yeye swali lake lilikuwa la moshi. Mimi nikanaswa na hilo neno gari, maana ndilo nililolisikia Delhi siku ya kwanza, gaadi, nikadhani wanasema Kiswahili. Na hapo Baba akanijia, yuko stesheni ya Safdarjung, amechuchumaa.

Ilikuwa 2011. Upasuaji wa moyo umeshapita, madaktari wameridhika, tiketi za kurudi Mombasa tunazo mkononi. Nikamuuliza anataka kuona nini kabla hatujaondoka. Nilitarajia aseme Taj Mahal. Akasema, "Nipeleke nikaione ile treni ya wafalme."

Treni hiyo, Palace on Wheels, huondoka pale Jumatano jioni, ikaizunguka jimbo la Rajasthan kwa wiki nzima, Jaipur, Udaipur, Jaisalmer, Jodhpur, mpaka Agra. Tulikuta wageni wanavishwa mashada ya maua, zumari inalia. Mbele yetu behewa la Bikaner. Kila behewa lilikuwa na jina la ufalme wa zamani. Mlangoni amesimama mhudumu mwenye kilemba chekundu. Wao humwita khidmatgar. Baba aliposikia jina hilo alitabasamu. "Khidma. Huyu mwenzangu."

Mapazia hakuyatazama, wala shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Alichuchumaa polepole, mkono mmoja kifuani penye mshono, akachungulia kwenye uwazi kati ya jukwaa na behewa, kule chini kwenye magurudumu. Alikaa hivyo muda mrefu. Miaka 31 ya karakana ya reli, alijua pa kutazama. Kisha akainuka, akaweka kiganja ubavuni mwa behewa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Muulize upana wa reli."

Mhudumu alijua. Reli hii ni pana, milimita 1,676. Lakini treni ilipoanza, Januari 26, 1982, mabehewa yalikuwa yale yale waliyosafiria maharaja wa Rajputana na Nizam wa Hyderabad, na yalipita reli ya mita moja. Miaka ya 1990 reli zikapanuliwa, ikabidi yaundwe mapana.

"Mita moja," Baba akasema. "Basi yale ya mwanzo yangekaa kwenye reli yetu. Yangetoka Kilindini mpaka Kisumu."

Nilijua kwamba vibarua walioitandika reli yetu kuanzia 1896 waliletwa kutoka India. Kwamba hata kipimo kilikuwa cha huko, sikuwahi kukiwaza.

Mhudumu akatukaribisha: "Babuji, ingieni, dakika tano tu." Baba akalitazama zulia, akatazama makubadhi yake, akatikisa kichwa. "Mshukuru. Mwambie nimeshaona." Sikumsihi. Niliona ni adabu yake, au mshono unamuuma. Treni ilipong'oka alihesabu mabehewa kwa sauti, moja moja, mpaka taa nyekundu ya mwisho ikapotea.

Usiku, taa tumeshazima, nikasikia sauti yake gizani: "Mwanangu, hivi vitanda vyao wamevilaza upande gani? Ulichungulia?"

Sikuwa nimechungulia.