Jinsi Nilivyotatua Joto Kali la Laptopu Yangu ya Michezo
Kila nilipocheza kwa dakika 10 hivi, laptopu yangu ilifikia nyuzi 97 za Selsiasi, kisha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ikajipunguzia kasi ili isiungue na picha zikaanza kukwamakwama. Kuiinua sehemu ya nyuma kulileta nafuu ndogo mno. Nilipoizima, nikafungua kifuniko cha chini na kuchomoa betri, nilikuta vumbi limegandamana kama kitambaa kati ya feni na mapezi ya shaba, yaani vibati vyembamba vya kutolea joto. Nikaliondoa kwa brashi laini huku nikiishika feni kwa kidole isizunguke. Hata hivyo, kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, kilikuwa grisi ya kupitishia joto iliyokauka na kupasuka juu ya prosesa, nami nikaifuta kwa spiriti na kupaka tone dogo la grisi mpya. Sasa joto halizidi nyuzi 82.