Kinanda na alto saksafoni: staili nilizobaki nazo baada ya wiki sita

Habari wadau. Wiki sita sasa tangu nianze huu mradi wa kujifunza kupiga solo za jazi kwenye saksafoni huku kinanda kikinisindikiza, na leo nimepata nafasi ya kuandika nilipofika maana msimamo wangu kuhusu staili gani inafaa umegeuka kabisa.

Kwa asiyejua nilikotokea, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, Yamaha PSR, flash yangu imejaa staili (yaani usindikizaji wa ngoma, besi na ala nyingine ambao kinanda kinajipigia chenyewe ukibonyeza chodi) za sebene, rumba na zouk zile tunazopeana wenyewe kwa wenyewe. Saksafoni (alto) nina mwaka na nusu nayo. Kwahiyo nilianza na akili ya kanisani, kwamba staili nzuri ni ile iliyojaa, ikianza tu watu wanasimama.

Wiki ya kwanza nikachagua Big Band, Main D kabisa (kila staili ina Main A hadi D, na D ndiyo iliyojaa zaidi), tarumbeta zote ndani. Nikarekodi kwa simu nikaenda kumsikilizisha mzee anayenifundisha, yeye kapuliza saksafoni kwenye bendi za dansi tangu ujana wake. Akasikiliza kama dakika moja hivi, akaniuliza, "Mwanangu, hapo unaongea na nani? Mbona wote wanaongea?" Nikairudia ile rekodi usiku peke yangu na kweli, kila nikivuta pumzi tarumbeta za kinanda zinaingia palepale, na sauti zao ziko eneo lilelile la alto, kwahiyo nikirudi nakuwa kama nagombea nafasi. Solo inataka kimya cha kutosha kati ya sentensi moja na nyingine, na ile staili haikuniachia hata sehemu moja.

Kuanzia hapo nikawa nazima. Staili ina channel kama nane hivi, yaani sehemu unazoweza kuzima moja moja: ngoma mbili, besi, chodi mbili, pedi (sauti ndefu za nyuma) na phrase mbili (vipande vya melodi). Nikaingia kwenye staili ya kawaida ya swing, Main A, nikazima phrase zote, nikazima pedi, nikazima gitaa, piano nikaishusha mpaka naisikia kwa mbali, nikabaki na ngoma na besi. Jamani. Ile simbali ya ride peke yake na besi inatembea noti nne kwa kila baa, nikapuliza noti tatu tu nikanyamaza baa nzima, na muziki haukufa. Nilikaa pale mpaka saa tano usiku.

Lakini ukishabaki na besi ndo unaanza kusikia shida yake, na hapa ndipo wiki mbili zangu zimeishia. Mpiga besi mtu anajua chodi inayokuja, kwahiyo noti yake ya mwisho kwenye baa inakuvuta kuelekea kule. Kinanda hakijui. Kinajua chodi uliyobonyeza sasa hivi tu, kwahiyo ukiwa kwenye blues ya F, baa ya 4 besi inazunguka tu ndani ya F7 halafu ghafla, pu, iko Bb7, hakuna aliyekuandaa. Nimejaribu vitu vingi na kilichonisaidia ni kuongeza chodi ya kupitia: biti ya nne ya ile baa ya 4 nabonyeza B7, biti moja tu, halafu natua Bb7 kwenye moja. Besi inashuka nusu hatua na ghafla inasikika kama mtu anayefikiri. Ila sio kila staili inakubali. Kuna zingine ukibadilisha chodi katikati ya baa besi inarudi kwenye mzizi kwa kishindo na mwendo unakatika, hizo nimezitupa hata kama ngoma zake ni tamu. Siku hizi hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla sijasikiliza kitu kingine nabonyeza Gm7 biti mbili, C7 biti mbili, F, kama besi inajikwaa napita.

Mikono yote iko kwenye saksafoni kwahiyo chodi nazirekodi kwanza, kori 10 za blues (kori ni mzunguko mmoja mzima wa wimbo) mfululizo, halafu napiga juu yake. Nazima channel kabla ya kurekodi. Na mkono wa kushoto uwe makini, C-E-G-A kinanda kinasoma C6, ukiweka A chini kinasoma Am7, noti ni zilezile lakini besi inaenda kwingine kabisa.

Suala la ki: alto iko Eb, F ya kinanda kwangu ni D. Nikaweka transpose +3 (kinanda kinapandisha kila noti nusu hatua tatu) ili nibonyeze D7 na kinanda kitoe F7, mzee akanikataza. Anasema nijue majina yote mawili, nikisikia Gm7 C7 F kichwa kiseme chenyewe Em7 A7 D, kwa sababu siku nikikaa na watu hakuna wa kunibonyezea transpose. Nimeitoa. Ni ngumu lakini nakubaliana naye.

Tempo nayo. Swing yangu ya 120 niliipandisha mpaka 210 ikaanza kurukaruka kama punda anayetoroka, kwa sababu wapigaji wenyewe wakienda kasi noti zao zinanyooka kidogo, yaani zinakaribia kulingana urefu, ila staili inabaki na ule mgawanyo wa ndefu-fupi uleule. Kwahiyo kwa kasi tafuta staili iliyotengenezwa kwa kasi, usiburuze ya taratibu.

Bossa nova imenishangaza kwa uzuri wake kwa mazoezi, noti zimenyooka, besi ina nafasi, na sisi tuliokulia kwenye rumba mwili unaielewa haraka. Jazz ballad bado, tempo 60 pumzi yangu haijafika.

Kitu kingine, joto. Mchana hapa Dar saksafoni inapanda, ala ya kupuliza hupanda kama senti 3 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu hatua) kwa kila nyuzi moja ya joto, na kinanda hakipandi. Natyuni baada ya kupuliza dakika kumi, sio kabla, na mdomo wa saksafoni nauvuta nje kidogo kwenye koki, ile kok ya shingo unapochomekwa.

Kwahiyo kwenye registration (kumbukumbu za kinanda za kuhifadhi mipangilio) sasa hivi nina swing ya 120 ngoma na besi tupu, bossa ya 130 yenye gitaa kwa mbali, na jazz waltz moja ambayo bado naipima. Namba nne iko wazi, natafuta swing ya 200 kwenda juu ambayo besi yake haijikwai. Kama kuna mwenye nayo kwenye flash anitumie tafadhali, Jumamosi naenda tena kwa mzee na ametaka nije na blues ya kasi.